Sauti Imfikie Aliyekaa Nyuma: Namna ya Kuchagua Vyombo vya Sauti vya Ukumbi wa Chama

Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya mwisho katika chama cha ushirika. Hapo ndipo makisio ya mapato na matumizi hupitishwa, ukomo wa madeni huwekwa, na wajumbe wa Bodi huchaguliwa au kuondolewa. Hata hivyo, katika vyama vingi vya msingi mkutano huo hufanyika ndani ya ghala la mazao, bati juu na saruji chini, ama nje chini ya miembe, wanachama 300 au 400 wakiwa wameketi mbele ya mwenyekiti mwenye koo moja. Waliokaa safu za mbele husikia. Waliokaa nyuma huwatazama wa mbele, na mikono ikinyoshwa nao hunyosha. Katika muhtasari huandikwa kwamba hoja imekubaliwa kwa kauli moja. Miezi kadhaa baadaye, makato yanapoonekana katika malipo, nusu ya wanachama huapa kwamba hawakuambiwa kitu, na kwa kweli hawasemi uongo.

Kusini mwa Tanzania jambo hili hudhihirika zaidi wakati wa msimu wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa zao hilo katika msimu wa 2007/2008, wakulima wamekuwa wakikusanyika kusomewa bei za wanunuzi, wazikubali au wazikatae. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara walizikataa bei walizosomewa, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uamuzi wenye uzito kama huo haufai kufanywa na mtu aliyesikia nusu ya tarakimu. Kati ya "elfu mbili mia sita" na "elfu mbili mia saba" yapo maneno manne, na matatu ni yale yale. Tofauti yote imo katika neno moja fupi la mwisho, nalo ndilo linalopotea kwanza upepo unapovuma.

Kwa hiyo si anasa chama kutenga fedha za vyombo vya sauti. Taabu huanza fedha hizo zinapofika dukani. Aghalabu mjumbe aliyetumwa mjini hurudi na sabufa kubwa ya sinema ya nyumbani, yenye spika tano ndogo, sanduku moja la mdundo, taa za rangi, na kikaratasi kinachodai wati elfu kadhaa. Siku ya kwanza vijana huicheza muziki ofisini na kila mtu hufurahi. Siku ya mkutano mkuu sauti ya mwenyekiti haivuki safu ya sita, fundi wa kijiji huiongeza mpaka ikwaruze, na kabla ya ajenda ya matumizi kufikiwa, moshi hutoka. Chombo hicho hakikuwa kibovu. Kilinunuliwa kwa kazi isiyo yake.

Sinema ya nyumbani ina mantiki yake. Mpango wa spika tano na sanduku la mdundo ulianza katika majumba ya sinema, kisha ukaingia majumbani. Spika ya katikati hutoa maneno ya wachezaji, mbili za pembeni hutoa muziki, mbili za nyuma hutoa vishindo kama vile mvua au helikopta inayopita kichwani, na sanduku la mdundo hutoa ngurumo. Yote hayo yamepimwa kwa ajili ya watu wachache waliokaa kwenye makochi katikati ya sebule, umbali wa meta mbili au tatu kutoka kila spika. Ukumbini watu walioketi mahali hapo pa katikati ni wanne au watano. Waliobaki hukaa karibu na spika moja, hivyo wapo wanaosikia mvua bila maneno na wapo wanaosikia maneno bila mvua.

Kabla ya kuendelea, yafaa majina yatenganishwe, kwa kuwa neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa kila kitu. Katika makala haya maikrofoni ni kile anachoshika msemaji. Kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, ni mashine inayopokea umeme dhaifu wa maikrofoni na kuutoa ukiwa na nguvu. Spika ndiyo inayogeuza umeme huo kuwa sauti. Mafungu ya bei hupangwa kwa vitu hivi vitatu, pamoja na waya unaoviunganisha, ambao kwa kawaida husahauliwa.

Jambo la kwanza ambalo katibu hana budi kulijua ni kwamba wati zilizoandikwa kwenye boksi si wati anazouziwa. Herufi PMPO huandikwa mbele ya tarakimu kubwa, nazo hazifuati kipimo chochote kilichokubaliwa. Ni tarakimu za biashara. Wati za kweli ni zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo bila kuharibu sauti, nazo huandikwa kwa herufi RMS, mara nyingi mahali padogo ndani ya kitabu. Ikiwa kitabu hakipo, upo ushahidi ambao muuzaji hawezi kuufuta: kibao cha nyuma cha mashine yenyewe. Hapo huandikwa ni wati ngapi mashine inavuta kutoka ukutani, au fyuzi yake ni ya ampea ngapi. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu zaidi ya ile inayoingia. Ikiwa boksi ladai wati 3,000 na kibao cha nyuma kinasema mashine inavuta wati 80, basi kilichomo ndani ni wati 80 kasoro zile zinazopotea kama joto. Vikuza sauti vya mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu. Vile vya mtindo mpya, vinavyojulikana kama daraja la D, hupoteza sehemu moja hivi katika kumi. Mjumbe aliyejifunza kugeuza mashine na kusoma nyuma kabla ya kutazama taa za mbele amekwisha kukiokolea chama fedha.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa dukani. Spika hazilingani katika kugeuza umeme kuwa sauti. Kipimo chake huandikwa kwa desibeli, kwa kifupi dB, nacho hueleza ukubwa wa sauti inayosikika meta moja mbele ya spika inapopewa wati moja. Spika ndogo za sebuleni hutoa kama desibeli 86. Spika za tarumbeta, zile zinazofungwa juu ya misikiti na makanisa, hutoa kama 106. Mtu asiyeizoea hesabu hii hudhani pengo la 20 ni dogo. Sivyo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili, na kila desibeli 10 ni sawa na kuzizidisha mara kumi. Pengo la desibeli 20 kwa hiyo ni mara mia moja. Spika ya tarumbeta yenye wati 10 hufanya kazi ambayo spika ya sebuleni ingeifanya kwa wati 1,000 za kweli, kama ingeweza kuzipokea bila kuungua, na haiwezi.

Sasa umbali uingizwe katika hesabu. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Kutoka meta 1 hadi 2, kisha 4, 8, 16 na 32 ni hatua tano, yaani desibeli 30 zimepotea njiani. Ikiwa mwanachama wa mwisho ameketi meta 32 kutoka kwenye spika, na kikuza sauti kinatoa wati 10, spika ya sebuleni itampa 86 na 10 kutoa 30, yaani desibeli 66. Tarumbeta itampa 86. Mkutano wenye watoto, minong'ono na upepo una kelele ya desibeli 60 au 65 peke yake, na maneno hayafahamiki vema mpaka yaizidi kelele hiyo kwa 10 au 15. Ya kwanza basi haifai, na ya pili yatosha na kuzidi. Hesabu hii yaweza kufanywa na katibu yeyote juu ya karatasi, kabla ya nauli ya kwenda mjini kutolewa. Anachohitaji ni kupima kwa hatua umbali kutoka meza ya mwenyekiti hadi mkeka wa mwisho.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini kuongeza fedha kwenye wati ni njia ghali ya kupata sauti. Kutoka kikuza sauti cha wati 50 kwenda cha wati 100, bei hupanda sana, na faida ni desibeli 3 tu, ambazo sikio hulitambua badiliko lake kwa shida. Fedha hizo hizo zikiwekwa kwenye spika bora, faida yaweza kuwa desibeli 10.

Pengine atatokea mjumbe wa kupinga, aseme kwamba tarumbeta hupiga kelele za bati na hazina mdundo. Kweli hazina, na kwa mkutano hiyo ni sifa njema. Maneno ya binadamu hufahamika kwa sauti za kati na za juu. Simu za waya zilipitisha takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde na watu wakafanya biashara kwa miaka mingi. Kinachotofautisha "sita" na "saba" katika kelele ni zile konsonanti nyembamba, ilhali mdundo mzito huzifunika. Chama kinachonunua sanduku la mdundo kwa ajili ya mkutano kinanunua pazia la kufunika maneno ya mwenyekiti wake.

Hata hivyo tarumbeta hazifai kila mahali. Ndani ya ghala la bati na saruji adui hubadilika. Huko sauti haipungui upesi kama nje. Hugonga ukuta, ikagonga bati, ikarudi, na neno la kwanza hukutana hewani na neno la tatu. Mwanachama husikia kelele nyingi bila kupata neno. Kuongeza sauti katika hali hiyo ni kuongeza vurugu, kwa kuwa mwangwi nao huongezeka kwa kiasi kile kile. Dawa ni kuileta spika karibu na sikio. Badala ya spika mbili kubwa mbele, spika ndogo nne au sita zifungwe kwenye kuta au nguzo, kila baada ya meta 8 hadi 10, zielekezwe chini kwenye vichwa vya watu, kisha sauti yake iwe ya chini. Bora zaidi, kama fedha zinaruhusu, ni spika ndefu nyembamba zenye spika ndogo nne au zaidi zilizopangwa wima katika sanduku moja. Hizo hutawanya sauti kwa upana lakini si kwenda juu, hivyo bati halipati kitu cha kurudisha. Ghala lenye magunia husikika vizuri kuliko ghala tupu, na ukumbi uliojaa watu kuliko ule wa watu kumi. Kwa sababu hiyo majaribio yaliyofanywa na fundi peke yake asubuhi yasimtishe mtu.

Nje mambo ni kinyume. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Ikiwa spika moja iko mbele na nyingine imefungwa meta 40 nyuma, mwanachama aliye karibu na ile ya nyuma husikia neno mara mbili, la pili likichelewa sehemu moja ya nane ya sekunde hivi, na hiyo yatosha kuyavuruga maneno yote. Uwanjani, basi, tarumbeta zote zifungwe kwenye mlingoti mmoja wa urefu wa meta 3 au 4, kila moja ikitazama upande wake.

Sehemu ya kuunganisha ndiyo inayounguza mashine nyingi za vyama, hivyo inastahili maelezo ya polepole. Kila spika ya kawaida ina ukinzani unaopimwa kwa omu, alama yake Ω, mara nyingi 8 au 4. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja, jumla huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Kikuza sauti kilichoandikwa nyuma yake kwamba kinakubali omu 4 hadi 8 kikipewa omu 2 hulazimishwa kutoa mkondo wa umeme usio wa kiasi chake, hupata joto, na huungua. Kijana anayeongeza spika ya tatu na ya nne ili sauti "ifike mbali" huwa ameanza safari ya kwenda kwa fundi.

Kisha upo waya. Waya wa shaba wenye unene wa milimeta za mraba 1.5, ukivutwa meta 50 kwenda na 50 kurudi, una ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 1. Kwa spika za jumla ya omu 4, zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu hubaki ndani ya waya na kuupasha joto. Kwa waya mwembamba wa kengele hasara ni kubwa zaidi.

Matatizo yote mawili, la omu na la waya, yalitatuliwa zamani na watengenezaji wa vyombo vya mikutano, wakiwamo wale wa Japani na India ambao mashine zao huonekana katika nyumba nyingi za ibada za Afrika Mashariki. Vikuza sauti vyao vina tundu lililoandikwa volti 100, au 70, na kila spika huwekewa transfoma ndogo. Kwa mpango huo katibu hahitaji kujua omu hata moja. Hujumlisha wati za spika: nne zilizofungwa kwenye alama ya wati 10 kila moja ni wati 40, basi kikuza sauti cha wati 60 kinazibeba na akiba inabaki. Waya ule ule wa meta 50 sasa haupotezi hata sehemu moja katika mia. Masharti ni mawili. Spika ya kawaida ya omu 8 isiunganishwe kamwe kwenye tundu la volti 100, kwani itaungua mara moja. Pili, umeme huo unaweza kumdhuru mtu. Viungo vyote vifungwe vizuri kwa utepe wa umeme, na waya usipite mahali watoto wanapocheza au mahali maji yanapotuama.

Aina hiyo ya kikuza sauti ina neema nyingine kwa vijiji ambako umeme hukatika katikati ya ajenda. Nyingi zina sehemu mbili za kupokelea nguvu: ya ukutani na ya betri ya volti 12. Kikuza sauti cha wati 60 kikitumiwa kwa hotuba hakivuti nguvu zote wakati wote, kwa sababu binadamu husema na kunyamaza. Kwa wastani ampea 4 zatosha kwa makisio. Betri ya ampea-saa 70 iliyojaa, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, itaendesha mkutano kwa saa 8 au zaidi, na mkutano mkuu unaozidi muda huo una kasoro nyingine. Hapa pia udanganyifu wa wati hujitokeza: mashine ndogo ya gari inayotumia volti 12 moja kwa moja, isiyo na kifaa cha kupandisha volti ndani yake, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza, hata kama boksi laandika 500.

Kukwaruza huko si jambo la masikio peke yake. Kikuza sauti kidogo kinaposukumwa kupita uwezo wake, umeme unaotoka hukatwa vilele na kuwa na ukali ambao nyuzi nyembamba za spika haziuvumilii. Wengi hushangaa spika ya wati 100 ikiunguzwa na mashine ya wati 30, na hiyo ndiyo sababu. Sauti ikianza kupasuka ipunguzwe papo hapo, hata kama kuna mzee mlangoni anayeashiria iongezwe.

Kuhusu maikrofoni maneno ni machache lakini yana faida isiyo na gharama. Inunuliwe ya waya, inayopokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma. Zisizo na waya za bei rahisi hula betri na kukatikakatika, na fedha chache hazina nafasi ya majaribio hayo. Ziwe mbili, moja ya meza kuu na moja ya wanachama, kwa maana mkutano ambao viongozi peke yao ndio wenye maikrofoni una upande mmoja usiosikika, na upande huo ndio wenye chama. Ule mluzi unaotokea ghafla na kuwafanya watu wazibe masikio hutokana na sauti ya spika kurudi ndani ya maikrofoni na kuzunguka. Spika zikiwa mbele ya msemaji, zikiwatazama wanachama, na maikrofoni ikiwa nyuma yake, mluzi hukoma au hupungua sana. Msemaji naye aisogeze maikrofoni mdomoni. Kutoka umbali wa sentimeta 20 hadi 10 sauti yake huongezeka desibeli 6, faida ambayo kikuza sauti kingeipata kwa kuzidishwa wati mara nne.

Fedha zigawanywe vipi? Hakuna kanuni, kwa kuwa kumbi na viwanja hutofautiana. Lakini chama kinachoanza bila kitu kitafanya vema kikitenga katika kila shilingi 100 kama 45 kwa spika, 25 kwa kikuza sauti, 15 kwa maikrofoni na vishikizo vyake, na 15 kwa waya, viungo na mlingoti. Betri ihesabiwe peke yake, maana pengine ipo tayari kwenye sola ya ofisi. Fedha zikipungua, kilicho halali kupunguzwa kwanza ni wati. Chenye bei ya chini kuliko vyote na kinachoharibu kuliko vyote kikikosekana ni waya, nao usiguswe.

Na chama ambacho tayari kina sabufa kifanyeje? Isitupwe. Iachiwe kazi ya kuonyesha mafunzo ya video na mpira katika chumba cha watu 20 au 30, ambapo yaweza kukiingizia chama kipato kidogo. Mara nyingi hulalamikiwa kwamba katika filamu risasi hutikisa dirisha na maneno hayasikiki. Sababu yake ni kwamba maneno yamo katika spika ya katikati, nayo haikuunganishwa au imewekwa chini ya meza. Ikiwa ukumbi una spika mbili tu, mtambo wa video upangwe kutoa sauti kwa njia mbili badala ya tano, na maneno yatarudi. Yapo pia masanduku ya sabufa yenye tundu la nyuma la kutolea sauti kwenda kwenye mashine nyingine. Kwa waya mfupi, kikuza sauti kipya cha mikutano chaweza kuipokea na kuifikisha ukumbini.

Vyombo vilivyotumika si vya kudharauliwa. Kikuza sauti kizito cha transfoma, cha miaka ishirini, ambacho fundi wa wilayani aweza kukifungua na kubadilisha transista zake, chaweza kuwa mali bora kuliko kipya chepesi ambacho kikifa hubadilishwa bamba zima, na bamba halipatikani. Kitu cha kuangalia zaidi katika vyombo vilivyotumika ni spika: karatasi yake isiwe imechanika, na ikiguswa taratibu kwa vidole ivutike kwenda na kurudi bila kukwaruza.

Ununuzi wenyewe ufuate njia iliyozoeleka ya chama. Fedha ziwe zimo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, Bodi iandike sifa za vyombo inavyovitaka kabla ya mtu yeyote kwenda dukani, na bei zitafutwe kwa wauzaji watatu kwa sifa hizo hizo. Sifa ziandikwe kwa tarakimu: wati RMS, desibeli za spika, volti 100, sehemu ya betri ya volti 12. Barua inayosema "tunaomba bei ya spika kubwa nzuri" humpa muuzaji ruhusa ya kuuza alichokosa kuuza mwaka jana. Na kabla ya malipo ya mwisho vyombo vifungwe uwanjani. Mtu mmoja asome mezani, kwa sauti ya kawaida, orodha ya tarakimu ishirini ambazo hakuna mwingine aliyeziona. Wanachama watano walioketi mwisho, wakiwamo wazee wawili, waziandike. Wakikosea zaidi ya moja au mbili, spika zihamishwe na jaribio lirudiwe. Likishindikana tena, muuzaji arudishiwe vitu vyake.

Baada ya hapo vyombo viingizwe katika daftari la mali kwa namba za mashine, na viwe na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina. Kikuza sauti kiwekwe mahali pakavu palipo mbali na dawa za mazao, kwani hewa yake hula viungo vya shaba. Vikiazimwa kwa harusi au msiba, anayeazima atie sahihi kwa idadi ya nyaya na maikrofoni, si kwa "seti moja", na kila kitu kihesabiwe upya mbele yake siku ya kurudisha.